Mtu wa Kumi

Mwaka ule nilikuwa nachapa kwenye kompyuta daftari aliloacha marehemu baba wa patroni wangu. Patroni, yaani bosi wangu, alikuwa Myahudi mzee mwenye duka la vitambaa katikati ya Lubumbashi. Yeye alisoma Kifaransa cha baba yake, mimi nikachapa. Daftari lilieleza jinsi Wazayuni, waliotaka nchi yao huko Palestina, walivyogawanyika kabla ya vita vikuu vya pili. Baadhi waliona wenzao wanawabembeleza mno Waingereza. Wao walitaka dola itangazwe waziwazi, na iwe na ng'ambo zote mbili za mto Yordani. Wakajitoa, wakaunda chama chao. Baba yake patroni aliwafuata. Rafiki yake, ambaye walikuwa chanda na pete, alibaki kulekule, na daftarini akaitwa msaliti.

Nilicheka kimoyomoyo. Wayahudi wenyewe hapa mjini hawajazi hata basi moja, na bado wanagombania mto wasiouona! Kisha nikakumbuka kanisa letu la Ruashi lililopasuka mara tatu, nikaendelea kuchapa.

Siku ya kumkumbuka marehemu baba yake patroni ikafika. Sala yao ya wafu haisomwi mpaka wapatikane wanaume kumi, na waliofika sinagogi walikuwa tisa. Wa kumi alikuwa nyumbani kwake Bel-Air: mtoto wa yule msaliti. Yeye na patroni hawakuwa wamesalimiana tangu ujana wao.

"Ule? Hapana, mama. Afazali isisomwe," patroni alisema, machozi yakimlengalenga.

Nilikasirika kweli. Nikapanda teksi bila kumwomba ruhusa.

Mzee wa Bel-Air alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, nikimweleza kazi yangu ya daftari na sala iliyokosa mtu.

"Mu ile daftari, baliandika nini juu ya papa yangu?"

Ningeweza kumdanganya. "Traître, papa," nikamjibu mzee, neno lilelile la msaliti.

Alitazama viatu vyake.

"Ngoya nivae koti."

Alipoingia sinagogi, patroni alimwona, akainamia kitabu chake, akaanza kusoma. Nilikaa nyuma, na kila "amina" ya yule mzee niliisikia.

Kesho yake patroni aliniambia, "Ile neno, mama, utoshe."

Nikakataa kulitoa lile la msaliti. Aliyeliandika ni baba yake, si sisi wa kulifuta. Kisha nikamweleza niliyoulizwa kule mlangoni, na jibu nililotoa.

Ndipo akaacha Kifaransa cha daftari, akaniambia niandike chini ya lile neno kwa Kiswahili chetu:

"Mutoto yake alijua hii neno, na alikuya."