Trela ya Mwisho

Julienne alikuwa akipikia harusi za Wakongomani wa Durban, na hakuna aliyethubutu kugusa masufuria yake. Jumamosi ile mumewe, Sébastien, alithubutu. Nyuma ya gari lake kuukuu, lile lenye vitanda na jiko ndani, alifunga trela ya spika za bendi, na nyuma ya spika akafunga trela ya chakula.

"Papa Prodige, mbili kwa mara moja?" Julienne alimfokea mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Peleka moja, urudi uchukue nyingine!"

"Iko sawa, mama. Spika ni za kuazima, ndiyo maana zimekaa karibu."

Walipokuwa wakipanda kilima cha Berea, robot, taa ya barabarani, ikawaka kijani. Sébastien akakanyaga mafuta kwa pupa. Trela ya mwisho ikachomoka, ikarudi nyuma mteremkoni, ikapinduka. Sombe ya majani ya muhogo, wali na nyama ya mbuzi vikatapakaa barabarani.

Sébastien, mwanaume mzima, akaruka chini, akakimbilia spika. "Asante Mungu, ziko salama!"

Julienne akainama, akaokota masufuria yake matupu.

Ukumbini, wageni walipoanza kuchungulia jikoni, alinyakua kipaza sauti cha bendi.

"Msinitafute mimi," alisema, na spika zote zikatikisika. "Mume wangu ameshachagua. Leo mtakula muziki."