Upande wa Mama Yake Kaaha

Kaaha alikuwa mkunga wa Kotile. Shule hakuiona. Lakini karibu kila mtoto unayemwona pale akikimbia nyuma ya ndama, mikono ya kwanza kumshika duniani ilikuwa yake. Na ulimi alikuwa nao. Mwanamke akilia kwa uchungu, Kaaha humwambia, "Lia zaidi, mumeo asikie kazi aliyoifanya." Mwenye uchungu anacheka, na mtoto anatoka cheko likiwa bado mdomoni.

Wakunga walipoitwa zahanati kufundishwa, Kaaha alipimwa damu, ikawa safi. Akachomwa sindano za kumkinga na ugonjwa wa ini, akazimaliza zote. Mumewe, Olow, ndiye aliyempeleka kila mara. Miaka ikapita. Kisha, mvua za mwaka jana zilipokatika, macho yake yakageuka manjano, na kabla mwezi haujaisha wakamzika. Hospitalini walisema ni ule ugonjwa wa ini, aliupata kwenye damu ya uzazi.

Fardosa, mke wa mpwa wa Olow, alikuwa mjamzito wakati huo. Siku ya mazishi aliuliza mbele ya watu, "Si alichomwa? Sasa hizo sindano zilifanya nini?"

Tangu hapo wanawake wa Kotile wakawa wanaipita zahanati kwa mbali, watoto mgongoni.

Olow naye akanyamaza. Kibuyu cha maziwa alichokuwa akikifukiza Kaaha kikaishiwa harufu ya moshi, na hakutaka mwingine akifukize. Alichunga, akaswali, akalala.

Siku moja binti yake, Ruweyda, akapiga simu kutoka Garissa, alikokuwa akisomea uuguzi.

"Aabo, wametupima damu kabla hatujaingia wodi ya uzazi. Zile sindano za ini, mwilini mwangu hazionekani. Walinirudishia zote upya. Bado hazionekani."

Kesho yake Olow alikuwa Garissa, na alikuja kumchukua binti yake arudi nyumbani.

Ruweyda hakubishana naye. Alimshika mkono tu, akampeleka kwa mwalimu wake, daktari Abdihafid.

"Adeer, mzee wangu, karibu ukae," daktari alisema. "Pole kwa msiba."

"Nimekuja kuchukua mtoto wangu."

"Ni wako. Nisikilize kwanza, halafu umchukue."

Olow akakaa.

"Unakijua kizuizi cha polisi pale darajani? Chanjo ni kama picha ya mhalifu anayetafutwa. Inaletwa ili askari wa mwili wamjue kabla hajafika."

"Wale wa darajani kila Msomali kwao ni mhalifu," Olow alisema.

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. "Hao wa mwilini wana adabu kidogo. Lakini askari haioni picha mpaka kuwe na mkono wa kumwinulia. Mikono hiyo mtu anairithi, mingine kwa baba, mingine kwa mama. Si yote inayoshika kila picha. Mwili wa Ruweyda si dhaifu, surua umeikamata vizuri kabisa. Picha hii moja ndiyo inayomponyoka. Huenda mama yake alikuwa hivyo hivyo. Ndiyo maana nakuuliza: kwenye ukoo wenu kuna mwingine?"

Ukoo Olow aliujua. Akaanza na baba yake, Bishar, akapanda kwa babu, akapanda tena, kila mtu na alivyokufa: huyu vita, huyu kisima, huyu uzee.

"Aabo," Ruweyda alimnong'oneza, "utafika kwa Nabii Adamu."

"Hao wote ni wanaume wa kwako," daktari alisema. "Na upande wa mama?"

Olow akamtaja baba yake Kaaha, na baba wa baba yake.

"Mama yake Kaaha je? Alikufa na nini?"

Ng'ombe wake wote Olow aliwajua kwa mama: huyu mwekundu ni wa yule mwenye pembe moja, naye ni wa yule aliyenusurika ukame. Hakuna mfugaji anayehesabu ng'ombe kwa dume. Lakini mwanamke aliyemzaa mkewe hakumjua zaidi ya jina, Sadia.

"Sijui," alisema. "Lakini yupo anayejua."

Nimco, dada mkubwa wa Kaaha, alikuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni hapo hapo Garissa. Alipomwona Olow akasogeza mtungi, akampa kigoda.

"Shemeji! Leo kimekuleta nini? Wanaume wa kuongea nao wamekwisha?"

"Nimekuja kukuuliza habari za mama yenu."

Nimco akaacha kucheka. "Tangu umuoe dada yangu hujawahi kumuulizia."

"Nauliza sasa."

Aliangalia maziwa yake kwanza. Kisha akasema mama yao alikufa akiwa na macho ya manjano, na dada wa mama vilevile, na watu walisema ni jicho baya la mtu. Yeye mwenyewe alipokuwa akifanya usafi kwenye zahanati moja hapo mjini, alichomwa zile sindano, akaambiwa damu yake haijaonyesha chochote.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba mwili wangu umekataa dawa iliyokubaliwa na wenzangu wote? Nilidhani ni mimi peke yangu. Niliona aibu." Akajifuta macho kwa pembe ya shela. "Kaaha naye hakuniuliza. Kila mmoja alikaa na lake."

Olow akarudi kwa daktari, akayasema yote, kwa maneno machache kama alivyozoea. Daktari alimsikiliza bila kumkatiza.

"Bila damu zao siwezi kuapa," alisema. "Mama mzazi huambukiza mtoto wakati wa kujifungua, kwa hiyo ugonjwa wenyewe nao hupita humo humo kwenye ukoo. Lakini mwili wa mama mkubwa na mwili wa mtoto wa mdogo wake kukataa sindano ile ile, hilo si bahati tu. Nitamchoma Ruweyda kwa namna nyingine, kidogo kidogo ndani ya ngozi. Miili mingine huamka hivyo. Usipoamka, akichomwa na sindano ya mgonjwa aje siku hiyo hiyo, ipo kinga iliyotengenezwa tayari tutakayompa."

"Na asipojua kama amechomwa?"

"Hapo kinga yake ni mgonjwa mwenyewe, adeer. Mama aliyechanjwa utotoni, chanjo ikamshika, hana ugonjwa wa kumpa mkunga. Waliokamata wanawakinga wasiokamata."

Olow akamgeukia binti yake. "Na wewe unataka nini?"

"Wodi ya uzazi," Ruweyda alisema. "Wewe wajua."

Alijua. Akarudi Kotile peke yake.

Jibu lilikuja kwa simu, baada ya sindano za mwisho. Olow alikuwa akinywesha ng'ombe.

"Aabo. Mwili umekataa tena."

Ng'ombe walikuwa wakisukumana majini.

"Aabo? Utanirudisha?"

"Fanya kazi yako," Olow alisema. "Na mimi niache nifanye yangu."

Akamwachia jirani ng'ombe, akaenda moja kwa moja kwa Fardosa. Alimkuta akinyonyesha. Mtoto alikuwa wa kike, na siku zake za sindano ya kwanza zilikuwa zimeshapita. Olow hakuingia, alikaa mlangoni.

"Uliuliza swali siku ya mazishi," alisema. "Nimeleta jibu."

Akamweleza: mikono inayorithiwa, Sadia, Nimco, Ruweyda. Tangu kifo cha Kaaha, Fardosa hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

"Kama wa kwangu naye atakataa?"

"Huenda. Basi watoto wa wenzako watamlinda. Na akishika, yeye ndiye atakayemlinda binti yangu."

"Binti yako yuko Garissa. Huyu wangu hata kutambaa hajui."

"Atakua. Atazaa. Na mkunga wake akiwa na mwili kama wa Kaaha?"

Fardosa alimtazama mzee, akamtazama mtoto. Akamwondoa kwenye ziwa, akamfunga mgongoni kwa leso.

"Twende basi, kabla sijabadili mawazo. Na wewe ndiye utakayemshika, mimi siwezi kutazama."

Zahanatini, Olow ndiye aliyemshika. Mtoto akapiga ukelele wa hasira mpaka wanawake waliokuwa wakipita barabarani wakasimama kuangalia. Kama mwili wake umeshika au umekataa, hakuna aliyejua. Olow alimpangusa machozi kwa kidole kimoja, akamrudishia mama yake, akatoka kwenda kuzungumza na wale waliosimama.