Wimbo wa Chenge

Dorotea wa Kiseke alikuwa msusi, tena msusi hasa, vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alipofikisha miaka thelathini na sita akatangaza kwamba anataka kutengeneza biti, midundo ya nyimbo. Wateja wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Wewe na muziki wapi na wapi?" Hakuwajali. Kila Jumatatu, siku ambayo saluni haina watu, alifunga mlango akaenda kwa Farouk, prodyuza wa mtaa wa pili, kujifunza kukata vipande vya sauti na kuvizungusha.

Farouk alijua kufundisha, hilo lazima tumpe. Hakumruhusu aiachie kompyuta ikate yenyewe. "Funga macho, dada Doro. Gonga mguu. Mwimbaji anapovuta pumzi, hapo ndipo pa kukata." Dorotea akakata, akapanga, kipande kikajikwaa, akaanza upya. Miezi mitatu hakupata hata kimoja kinachozunguka bila kuchechemea. Alikuwa anasuka huku mguu unahesabu, wateja wakalalamika anawavuta nywele.

Ndipo akaikumbuka sauti ya mama yake. Bernadeta, anayeishi kisiwani, Nansio, alikuwa na wimbo aliomtungia mwanawe Chenge, ambaye ziwa lilimchukua na mwili haukupatikana. Kaburi hakuna, kuna wimbo tu, na kila mstari unaishia kwa kumwita jina. Alikubali kurekodiwa kwa simu kwa sharti moja: wimbo usitoke mikononi mwa Dorotea.

"Nakuamini wewe," alisema. "Hao wengine siwajui."

Na Dorotea, jamani, akampelekea Farouk, eti amsaidie kidogo tu. Farouk alisikiliza mara mbili. "Hilo jina la mwisho ndilo linakwamisha. Litoe, uone." Dorotea akasita. Kisha akalikata kwa mkono wake mwenyewe. Sauti ikazunguka laini, akaruka kutoka kitini akipiga vigelegele. Hatimaye!

Wiki sita baadaye, yuko na kichwa cha mteja mapajani, redio ikapiga wimbo mpya wa bia na viuno. Chini ya maneno hayo mama yake anaimba, kipande kile kile alichokikata kwa Farouk. Kitana kikamdondoka. Alifika kwa Farouk na ndala za saluni, mikono imejaa mafuta.

"Dada, usinipandishie sauti," Farouk alisema, hata kusimama hakusimama. "Nimekufundisha bure miezi yote hiyo. Sauti umeileta mwenyewe. Na jina limeshatoka, nani atajua ni ya nani?"

Loo! Mtu aliyekula samaki, sato waliotumwa na huyo mama kutoka kisiwani, akajilamba na vidole! Dorotea akamtukana matusi yote anayoyajua, na anayajua mengi, kisha akalia njia nzima. Akajipa moyo kwamba mama yuko kisiwani, hasikilizi redio za vijana. Alikuwa anajidanganya.

Ijumaa Bernadeta akashuka kutoka meli ya Nansio, akaja moja kwa moja saluni. Kiti alikikataa.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Juzi nilikuwa harusini. Wakaupiga, wakaucheza. Nikasema haya, angalau wamsikie mwanangu anaitwa. Nikalingoja jina. Nikilikaribia, wananirudisha mwanzo. Nikilikaribia tena, wananirudisha. Watu wanacheza, mimi namngoja Chenge."

"Mama, ni Farouk, yule mwizi..."

"Huyo wa kuiba Mungu atamjua. Nani alilitoa jina?"

Farouk angebeba lawama vizuri kabisa, na alistahili. Lakini mama alikuwa anamtazama usoni.

"Mimi, mama."

Bernadeta akaitupia macho simu ya Dorotea. Kisha akasema, "Ule niliokuimbia, bado uko kwenye simu?"

"Upo. Mzima, na jina lake."

"Nilikuamini wewe. Nionyeshe wanapofutia."

Dorotea akaomba, akapiga magoti kwenye nywele zilizotapakaa sakafuni. Mama mtu alinyoosha mkono tu. Mwishowe Dorotea akamwonyesha, na Bernadeta akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe, akauliza mara mbili kama kweli umefutika. Umefutika, mama, Dorotea alisema. Duka la jirani wakati huo lilikuwa linaupiga ule mwingine, usio na jina.