Makopa Juu ya Sola

Mimi ni mtu wa Mombasa, na nilipokwenda Tanzania kusomea nishati jadidifu nilidhani nakwenda kwa jirani tu. Chuo kikanipangia kazi ya mwisho Makote, juu huko Newala, ambako asubuhi kuna ukungu na baridi ya kumtetemesha mtu wa pwani. Hakuna aliyeniambia nibebe sweta.

Nilipanga kwa mama mmoja mjane mwenye mikorosho yake. Paa la jiko lake lilikuwa fupi, unalifikia ukisimama juu ya kinu kilichopinduliwa. Hapo nilifunga paneli ya sola na kifaa cha kupima umeme. Asubuhi namwamkia shikamoo, napanda pikipiki kwenda kupima nyumba za Chilangala, jioni narudi. Matokeo ya kwake yalikuwa kichekesho: jua la saa sita linawaka, umeme unakufa. Nilibadilisha nyaya, nikafuta vumbi, nikamsema vibaya fundi aliyeniuzia paneli. Mwalimu wangu akaniambia kwa simu kwamba vipimo vile havifai, na visipotengemaa nitarudia kazi yote msimu unaofuata. Nililia. Nilikuwa nimechoshwa na ugeni, nilimtaka mama yangu.

Siku moja pikipiki ikapata pancha kabla sijafika mbali. Nikarudi kwa miguu mchana, nikamkuta mama mwenyeji wangu juu ya kinu, anapanga makopa, ile mihogo ya kukausha kwa ajili ya unga, juu ya paneli yangu. Kioo chote kimefunikwa.

Nilifoka, tena mbele ya mtu mzima. Yeye hata hakushtuka. Akaeleza kwamba kioo kile kinakausha upesi, hakina mchanga, na mbuzi hawakifikii; jioni huyaanua kabla sijarudi. Kisha akasema, "Haya ni yako, mwanangu. Utarudije kwa mama yako mikono mitupu?"

Hasira zikaniishia palepale. Nilikaa chini kwenye kizingiti cha jiko nikacheka mpaka machozi, naye akacheka bila kujua tunacheka nini.

Sababu nilikuwa nimeipata, lakini vipimo vilishaharibika. Nikabaki msimu mwingine mzima. Nilimjengea kichanja cha makopa kando ya jiko, nikaokota naye korosho, nikanenepa. Ule msimu wa adhabu ndio ninaoukumbuka zaidi. Nilipoondoka nilibeba kiroba cha makopa, na mama yangu aliposonga ugali wa makopa yale alikula, halafu akauliza kama huko nilipata mama mwingine. Nikamjibu ndiyo.

Siku hizi nafunga sola kwenye maghorofa ya Mombasa. Mteja akilalamika kwamba umeme unapungua mchana, situmi fundi. Napanda mwenyewe hadi juu, moyo ukinidunda kidogo. Huwa ni vumbi tu, au kinyesi cha kunguru.