Baba wa Ekseli

Kilichomponza Fidencio Cuamatzi ni mdomo wake mwenyewe, na isisingiziwe pulke, pombe yao ya mkonge, maana siku ile alikunywa bakuli moja tu. Walikuwa wamekaa uani kwa kompadre wake Hilario, wakigawana mzigo wa sherehe ya Yaretzi, binti wa Hilario, ya kutimiza miaka kumi na tano. Katika mji wao wa Huejotzingo sherehe ya binti haifanywi na baba yake peke yake. Kila mtu huchukua kitu chake kimoja. Shangazi akajitolea kuwa mama wa keki. Jirani akawa baba wa viatu. Bendi ikapata baba, maua yakapata mama, hata mdoli wa kupamba meza akapata wa kumnunua. Fidencio ndiye aliyempakata Yaretzi siku ya ubatizo, na ndiyo sababu Hilario alikuwa akimwita kompadre miaka yote hiyo. Sasa akaona vitu vinakwisha naye bado kakaa tu na bakuli lake mkononi.

"Na gari je?" akauliza.

Gari lilikuwa Vocho la Hilario, lile lenye mgongo wa kobe na injini nyuma, alilolifanyia teksi mpaka viti vikachanika. Alikuwa amelipaka rangi upya, kijani cha parachichi, ili limpeleke binti kanisani. Yaretzi alitaka liinamishwe, tumbo likaribie lami, na magurudumu ya mbele yaingie ndani chini ya madigadi, kama yale ya vijana wanaotamba nayo uwanjani kila Jumapili. Kwa hiyo ekseli ya mbele ilitakiwa ikatwe, ifupishwe vidole vinne, kisha irudishwe.

"Ekseli niachieni mimi," Fidencio akasema.

"Kompadre, kazi hiyo umewahi kuifanya?"

"Mimi? Ishirini na ushee!"

Uongo mtupu. Hakuwahi kufupisha hata moja. Alikuwa fundi wa breki na klachi, tena fundi mzuri tu, na angesema hivyo nani angemcheka? Lakini wapi! Watu wakapiga makofi, Yaretzi akaja kumkumbatia shingoni, na mtu mzima akavimba kichwa.

Njiani mkewe, Eufrosina, hakumwacha.

"Ishirini zipi, mzee? Miaka thelathini na moja nimo nyumbani mwako, sijaona hata moja."

"Frosi, usinianze."

"Mi nimenyamaza. Mdomo wako, jibebe nao."

Kukata hakukumshinda. Ekseli ya Vocho ni mabomba mawili yaliyolala, moja juu ya jingine, na grenda yake ilikuwa kali, na kuchomelea anakujua. Alipomaliza, mshono ulinyooka hata yeye mwenyewe akaupapasa mara mbili. Taabu ilikuwa ndani. Mle mabombani zimo springi, vyuma bapa virefu vilivyofungwa pamoja, na kila ncha yake inaingia kwenye mkono unaoshika gurudumu. Kinachozuia mkono usichomoke ni skrubu moja, inayokaa kwenye kishimo kilichochimbwa katika chuma. Ukifupisha springi, vile vishimo vya mwisho vinakwenda na vipande ulivyokata. Lazima uchimbe vipya, tena vya kina.

Chuma cha springi ni kigumu, kina kiburi. Upande wa kushoto alikiweza. Upande wa kulia keekee yake ilivunja ncha tatu, moja baada ya nyingine, na kishimo alichopata kilikuwa kama alama ya ukucha kwenye sabuni. Ilikuwa Alhamisi mchana, sherehe Jumamosi. Kule Cholula, mji wa jirani, alikuwapo mama mmoja fundi, Casimira, aliyezifanya kazi hizi kwa macho yaliyofumbwa. Simu moja tu. Fidencio aliishika simu, akaiweka chini. Ampigie Casimira amwambie nini? Kwamba zile ishirini na ushee ilikuwa porojo? Na kadi za mwaliko zilikwisha kuchapishwa, na jina lake limo kwa herufi za dhahabu: Baba wa Ekseli, Bwana Fidencio Cuamatzi.

Akaikaza skrubu kwa nguvu zake zote. Itashika, akasema. Akajua haijashika. Mtu aliyefunga nati miaka yote ile anajua, mkono unamwambia.

Hilario alipokuja jioni ile kulichukua gari alilizunguka mara mbili. Lilikuwa limelala chini, magurudumu yamejikunyata ndani vizuri ajabu.

"Kompadre," akasema mwishowe, "Mungu akulipe."

Fidencio akaitikia amina. Usiku ule na wa pili yake hakula akashiba, na hakumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi Yaretzi alipanda, gauni la pinki likajaza kiti chote cha nyuma mpaka dirishani. Kutoka nyumbani hadi kanisani ni mitaa mitatu na tuta moja. Fidencio alitembea nyuma na wageni wengine, na Vocho lilipopanda tuta lile moyo ulimpanda nalo. Likashuka salama. Binti akampungia mkono kupitia kioo cha nyuma.

Misa yote hakusikia neno. Padri alisema inukeni, akainuka. Alisema ketini, akabaki amesimama mpaka Frosi akamvuta koti. Wakati wa kuombea wasafiri alihisi joto la uso likishuka hadi shingoni. Misa ilipomalizika alitoka wa kwanza, akainama pembeni ya gurudumu la kulia kama anayefunga kamba za kiatu. Mkono wa gurudumu ulikuwa umeanza kuchomoka kutoka kwenye bomba. Chuma kilichotakiwa kijifiche ndani kilikuwa nje, kinang'aa. Na kutoka kanisani hadi ukumbini kwenye sherehe kulikuwa na matuta kumi na moja na mteremko mrefu wenye malori.

Hata hapo, jamani, alijaribu kwanza uongo mwingine.

"Binti yangu," akamwambia Yaretzi, "kwa nini usitembee? Gauni lote hili, watu walione."

"Kwa viatu hivi, Baba Fide? Si bora uniue tu!"

Watu wakacheka. Yaretzi akapanda nyuma, Hilario akashika usukani, injini ikakohoa, ikawaka. Bendi ikaanza. Fidencio akaenda akasimama mbele ya gari, akaweka viganja vyote viwili juu ya boneti.

"Zima."

"We kompadre, toka bwana, tunachelewa!"

"Baba wa ekseli naye anataka lifti!" mtu akapiga kelele, na vicheko vikazidi.

"Zima, Hilario. Mkono wa kulia unachomoka. Sikuchimba vizuri."

"Hukuchimba vipi? Si umefanya ishirini wewe?"

"Sijafanya hata moja."

Tarumbeta moja iliendelea peke yake kidogo, kisha nayo ikakoma. Fidencio aliona aibu mpaka masikio yakawa yanavuma. Alitamani ardhi ipasuke imfiche hapo hapo mbele ya kanisa. Hilario alishuka. Alipiga magoti kwenye vumbi na suti yake mpya, akapeleka kidole pale palipoachana, na kidole kikaingia.

Alipoinua uso hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

"Lakini umeliona sasa hivi tu," akasema polepole. "Siyo, kompadre? Asubuhi alipopanda mtoto, ulikuwa hujui."

Alikuwa anamwomba. Kila mtu pale alisikia kwamba anaomba, na jibu alikwisha kumpikia, ilibaki kuitikia tu. Fidencio alimtafuta Frosi kwa macho. Frosi alikuwa akitazama chini.

"Nilijua," akasema. "Tangu Alhamisi."

Yaretzi, aliyekuwa ametoa kichwa dirishani kusikiliza, akakirudisha ndani.

Hilario alijifuta magoti, kwanza moja, kisha jingine. Alifungua mlango, akamshika binti yake mkono, akamtoa taratibu pamoja na gauni lake lote, akaipa bendi ishara. Msafara ukajipanga kwa miguu barabarani. Fidencio alikuwa bado amesimama palepale katikati ya njia, mikono inaning'inia, hajui aende wapi. Hilario akamfikia, binti yake ubavuni, akasimama.

"Samahani, Bwana Fidencio," akasema kwa adabu yote, kama alivyozoea kusema na abiria asiowajua. "Tupishe tupite."

Fidencio akapisha.