Nondo Mbili za Kona

Mwanangu, kila nikipita kwenye kituo cha zamani cha zimamoto hapa mjini Mwanza, nakumbuka siku moja nilipolazwa kitandani mchana kweupe, mzima wa afya.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kila mtu alikuwa na haraka ya kufika, nami fundi kijana sikutaka kubaki nyuma. Kituo kilikuwa cha mawe, cha tangu ukoloni, na matetemeko madogo ya huku kwetu yalishaanza kuzitenganisha kuta zake. Tulipewa kazi ya kuuzungusha mkanda wa zege juu ya kuta zote, wenye nondo ndani, ili ardhi ikitikisika kuta zishikane. Kwenye kona nondo hukunjwa, ikaingia kwenye tundu lililochongwa katika jiwe la ukuta wa pili. Askari wa zamu waliendelea kulala humo humo tukijenga, maana moto hausubiri fundi.

Jumamosi kona yangu ilinishinda. Jiwe lilikuwa gumu, tindo inaruka tu, na nilikuwa nawahi kivuko cha Kamanga kwenda kujitambulisha kwa wakwe. Nikazifukia nondo mbili kwenye rundo la mchanga, nikamwaga zege, nikalisawazisha likapendeza. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliujenga na ufa wake ndani.

Jumatatu nikamkuta Mzee Lushinge, fundi wetu mkuu, amekaa juu ya ndoo, nondo zangu mbili magotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wakwe hawajambo?"

"Hawajambo."

Akanishika mkono hadi chumba cha askari, kwenye kitanda kilicho chini ya kona ile. Blanketi limekunjwa, kandambili za mtu zimepangwa.

"Lala hapo. Tazama juu."

Nikalala.

"Anayelala hapa ndiye atakayeingia kwenye moto kumtoa mama yako. Wewe umemwekea nini juu ya kichwa?"

Niliona aibu, mwanangu, mpaka leo naiona. Nikachukua nyundo, nikaivunja kona yangu wenzangu wakinicheka. Siku mbili nilichonga jiwe lile, viganja vikatoka malengelenge, mpaka nondo zikaingia. Mzee akazitikisa, hazikucheza. "Sasa mwaga," akasema.

Miaka ikapita. Asubuhi moja ardhi ilitikisika, vyombo vikaanguka kabatini kwangu Mkolani. Sikungoja chai, nikaenda mbio hadi kituoni. Plasta ilikuwa imepasuka, lakini kona imesimama. Askari mmoja akatoka chumbani akifunga vifungo vya shati.

"Moto uko wapi, mzee?"

"Hakuna moto, mwanangu. Nimekuja kukusalimia tu."

Basi shika hili. Kazi itakayofunikwa ifanye vizuri kuliko ile itakayoonekana, kwa sababu yupo mtu atakayelala chini yake. Na ukikosea, vunja mwenyewe, hata wakicheka. Mungu aitie nguvu mikono yako, na kila alalaye chini ya kazi yako aamke salama.