Mtamba Niliyemwandika kwa Jina la Mwenyewe

Nakumbuka asubuhi moja huko Mwamapalala, mwanangu, nikiwa bwana mifugo mpya kazini mwenye kompyuta mpakato na majivuno ya kutosha. Wenzangu waliandika kwenye madaftari. Mimi niliandika kwenye faili la maandishi matupu, na kila andiko nikalibandika lebo: alama ya reli (#), kisha ngazi baada ya ngazi, zikitenganishwa kwa mkwaju, kile kistari cha mshazari (/). Juu kabisa jina la mwenye ng'ombe, chini yake kijiji anakoishi, chini yake chanjo. Nilizipenda ngazi zile, nisikufiche. Jioni nilizifungua nizitazame tu.

Siku hiyo ndama wawili walikuwa wamekufa kwa chambavu, ugonjwa unaovimbisha misuli na kuua ghafla, zizini kwa mfugaji Shija. Nilitafuta lebo ya Shija, wakaja ng'ombe kumi na mmoja, nikachukua dawa ya kumi na mmoja. Sikupiga hata simu kuuliza. Kumbe zizini walikuwa kumi na wanne, watatu wakiwa wa watu wengine. Wewe umekulia huku, unajua Msukuma haweki ng'ombe wake wote mahali pamoja. Wengine huwapeleka kwa jamaa wakatunzwe. Nami nilikulia huku, nikasahau.

Dawa ikaisha, wakabaki wale watatu. Mmoja alikuwa mtamba wa Mayu Kabula, yaani Mama Kabula, mjane wa Bariadi mjini, ng'ombe pekee aliyebaki katika mali ya marehemu mumewe.

"Nitarudi kesho," nikamwambia Shija.

Niliporudi, wale wawili walikuwa wazima. Mtamba alikuwa amelala ubavu, paja limevimba, hapumui.

Mayu Kabula alifika kabla hatujamfukia. Hakulia wala hakupaza sauti.

"Dokta, mtamba wangu ulimwandika wapi?"

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta: Kabula, Bariadi, chanjo bado.

"Ng'wanone, mwanangu, hapo umeniandika mimi. Mimi nalala Bariadi. Ng'ombe alikuwa analala hapa, na ugonjwa umekuja hapa."

Niliona aibu, na hata leo nikisimulia naiona. Nilikaa chini pale pale nikaongeza lebo ya zizi kwa kila ng'ombe ninayemfahamu. Na yule mtamba nikamwekea, ingawa shimo lilikuwa tayari.

Mwanangu, nimestaafu, lakini nakuona na simu yako umejaza lebo zenye ngazi sita. Zipunguze. Kabla hujaunda ngazi, jiulize siku ya shida utatafuta nini, hilo ndilo liwe juu. Kitu kikiwa na pande mbili, usikilazimishe kukaa chini ya upande mmoja. Andiko moja linabeba lebo mbili au tatu bila kunung'unika. Mwenyewe lebo yake, zizi lebo yake. Na lebo zikikuambia kumi na mmoja, piga simu, uliza kama ni kumi na mmoja kweli. Faili linajua ulichokiandika tu.

Nenda kazini. Mungu akupe sikio la kuwasikiliza wenye mifugo, akulinde njiani, na asiwepo mama atakayekuuliza swali nililoulizwa mimi.